Mapezi ya mashine ya boti: ufunge au uache?

Nina boti ya faiba ya futi 19 na mashine ya HP 40, ile ya kuchanganya oili na petroli ambayo pwani nzima inaijua. Asubuhi inatoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenda kisiwa cha Mnemba na wageni sita, mimi nimeshika mkono wa mashine, kijana wa nanga yuko mbele, na nyuma kuna madumu mawili ya petroli, boksi la barafu na gunia la miwani na viatu vya kuogelea. Adhuhuri inarudi na mzigo ule ule, isipokuwa mananasi yameshaliwa.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Nikifungua moto (kuipa mashine nguvu), omo, yaani mbele ya boti, inanyanyuka mpaka sioni kitu mbele ila mawingu, tezi, yaani nyuma yake, inakaa majini kama kuku anayeatamia, mashine inalia, na boti inayalima maji badala ya kuteleza juu yake. Ikishapanda haina neno. Tatizo ni kule kupanda. Siku ya wageni wa miraba minne haikupanda kabisa. Tulikwenda Mnemba mwendo wa punda na petroli ikaisha kama tumekwenda Pemba.

Niliowauliza wote walinipa dawa moja: funga mapezi. Nikafunga. Msimu haujaisha nikayatoa. Mpwa wangu naye ameyafunga kwenye boti yake, anayapenda, na hajakosea. Ndiyo maana mtu akiniuliza ayafunge au ayaache, simjibu mpaka anieleze boti yake.

Kitu chenyewe

Nyanyua mashine uitazame kwa nyuma. Juu kidogo ya propela (rafadha, au pangaboi kama wasemavyo wengine) kuna bamba limetokeza kama mdomo wa bata. Limewekwa pale ili propela isinyonye hewa kutoka juu ya maji. Mapezi hufungwa kwenye bamba hilo, kulia na kushoto, likawa pana kama mkia wa pomboo. Boti ikienda, maji yanapita juu na chini ya mapezi kama upepo kwenye bawa la ndege, yanasukuma tezi juu. Tezi ikipanda, omo inashuka.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hakwambii: nguvu hiyo ya kuinua hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Pezi linalokusaidia kidogo ukiwa noti 8 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) linasukuma tezi mara nne zaidi ukifika noti 16, na hapo boti imeshapanda zamani, huna haja ya msaada. Karibu kila jema na kila baya la mapezi linatoka hapo.

Itazame boti kabla ya mashine

Mashua, dau, ngalawa, na mitumbwi mikubwa ya mbao ya Ziwa Victoria na Tanganyika viliundwa kupasua maji, si kuteleza juu yake. Chombo cha namna hiyo kina mwendo wake wa mwisho, na unategemea urefu: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu iliyo majini, kwa futi, uzidishe kwa 1.34, utapata noti. Futi 16 ni kama noti 5.4. Futi 25 ni noti 6.7. Ukiongeza moto kupita hapo, chombo kinaanza kupanda mlima wa wimbi lake chenyewe, na kinachoongezeka ni moshi.

Mashua ya futi 25 yenye mashine ya HP 15, imebeba nyavu, barafu na watu saba, haitapanda juu ya maji leo wala kesho. Kwa mwendo wa noti 6 pezi halina nguvu ya maana, na uzito wa mbao ni mkubwa mno. Mwenye chombo hiki asipoteze fedha. Atakuwa amenunua kitu cha kunasia nyavu.

Boti ya faiba iliyo bapa nyuma, ya alumini, au ile ya mpira wa kujaza upepo, hizo zimeundwa kupanda. Ya mpira ndiyo inayofaidika na mapezi kuliko zote: nahodha amekaa nyuma kabisa, mashine nyuma, tangi nyuma, na mbele hakuna ila upepo. Ukiifungulia moto ghafla ukiwa peke yako, omo inasimama kama farasi.

Kwenye maji: yakiwepo na yasipokuwepo

Nianze na pale mapezi yanapostahili sifa. Kuondoka kunakuwa kwepesi. Omo hainyanyuki sana, na unaona mbele. Kwa anayebeba watu hilo si dogo, maana zile sekunde ambazo nahodha anatazama mbingu ndizo ambazo mtu anayeogelea au dau lisilo na taa linaweza kuwa mbele yake.

Faida kubwa zaidi iko kwenye mwendo wa kati. Boti isiyo na mapezi ina mwendo ambao haikaliki: ama umepanda na unakimbia, ama umeshuka na unalima. Yangu, kwa kipimo cha simu, nikishuka chini ya noti 13 hivi tezi ilikuwa inazama tena. Nilipofunga mapezi niliweza kukaa kwenye noti 11 boti ikiwa imelala sawa. Siku ambayo bahari ina vijiwimbi vya kukera, huwezi kukimbia noti 18 bila kuwavunja wageni migongo, na hutaki kulima. Hizo noti 11 ni neema. Pia bamba likiwa pana, propela haili hewa ovyo kwenye kona na kwenye maji yaliyochafuka.

Kwenye mwendo wa mwisho utapoteza kidogo au usipoteze chochote, inategemea kama boti ikishapanda mapezi yanatoka nje ya maji au yanabaki ndani yakivuta. Petroli ni hesabu hiyo hiyo. Anayetembea mwendo wa kati na zamani alikuwa analima ataokoa. Anayekimbia moto wote kutoka ufukweni mpaka mwisho wa safari hataokoa, na anayekwenda taratibu kufuata pomboo au papa potwe hataona tofauti yoyote.

Sasa mawimbi. Kutoka Nungwi kwenda Mnemba unaelekea kusini mashariki. Wakati wa kusi (upepo utokao kusini), upepo na mawimbi unayapokea usoni. Hapo mapezi yalinifurahisha: omo ilikaa chini, ikakata wimbi badala ya kulipanda na kuanguka nalo. Wageni walikaa vizuri, mimi nikajisifu, nikamsifu aliyeniuzia.

Lakini boti inayokwenda lazima irudi, na wakati wa kurudi kusi liko mgongoni. Siku moja ya Julai tumeshatoka kwenye mwamba wa Mnemba, mawimbi yanatoka nyuma kwa upande, marefu na ya mpangilio. Wimbi moja likatubeba, boti ikaanza kushuka kwenye mteremko wake, mwendo ukaongezeka wenyewe bila mimi kugusa moto. Mwendo ulipoongezeka, mapezi yakasukuma tezi juu. Omo ikachimba kwenye mgongo wa wimbi la mbele. Mkono wa mashine ukawa mwepesi mkononi mwangu kama haujashika kitu, na boti ikaanza kugeuza ubavu. Maji yakaingia kwa mbele, wageni wakapiga kelele za furaha wakidhani ni sehemu ya safari. Nikapunguza moto, nikawaomba wawili waliokaa mbele waje nyuma upesi, wimbi likapita chini yetu. Kijana wa nanga hakucheka. Yeye na mimi ndio tuliojua kilichotaka kutokea.

Boti ikiwa na wimbi la nyuma inataka omo nyepesi, na mapezi yanaifanya omo iwe nzito. Mashine yenye vitufe vya umeme vya kuinua na kushusha inaweza kurekebishwa njiani, ukaitoa nje kidogo na omo ikapanda. Yangu hurekebishwa kwa pini, kwa mkono. Pini huibadilishi huku wimbi linakuja.

Kuna na mambo ya ufukweni. Pezi ni mkono unaokamata. Kamba ya dau lililofungwa nanga, ambayo zamani ingeteleza chini ya mashine ikapita, sasa inaingia kati ya pezi na mguu wa mashine na kukaa. Wanaotumia pwani ya mashariki ambako kina mama wana mashamba ya mwani wanajua maji yakijaa zile kamba hazionekani. Ukinasa moja umejiharibia mashine na umemharibia mtu riziki. Wavuvi wa nyavu, msibishane nami hapa. Na maji yakitoka, boti ikikalia matumbawe, kitu cha kwanza kugusa upande kwa upande ni hayo mapezi, na yakivunjika yanaweza kuondoka na kipande cha bamba lenyewe.

Kabla hujashika drili

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na uzito. Lita 25 za petroli zina uzito wa karibu kilo 19 bila dumu. Madumu mawili ni mtoto wa darasa la sita, naye amekaa mahali pabaya kuliko pote ndani ya boti. Ongeza boksi la barafu. Ongeza nahodha, ambaye mara nyingi ndiye mzigo mzito zaidi kule tezini na ndiye wa mwisho kujihesabu. Mashine yenyewe ya HP 40 ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili, ina kilo zaidi ya 70. Ukibadilisha ukafunga ya mipigo minne ya nguvu hiyo hiyo, unakaribia kilo 100. Wengi boti zao zilianza kukaa kitako siku waliponunua mashine mpya, wakailaumu mashine.

Jaribio halina gharama. Chagua asubuhi ya matlai, bahari imelala. Jaza madumu mawili ya lita 20 maji ya bahari, yaweke nyuma miguuni mwako. Fungua moto wote, hesabu taratibu mpaka boti ilale sawa. Simama. Peleka madumu mbele kabisa, rudia kwa moto ule ule. Fanya mara tatu kila upande, maana mara moja hudanganya. Kama tofauti unaiona bila hata kuhesabu, dawa yako ni mpira wa mafuta wa mita mbili tatu zaidi ili tangi liende mbele, na bomba la plastiki la kurefushia mkono wa mashine ili nawe usogee. Mimi nilifanya jaribio hili baada ya kufunga mapezi. Ningelifanya kabla, nisingeyafunga.

Pili, pini. Mashine ndogo zina matundu kadhaa kwenye bano zinapoegemea, na pini inayoamua ilale kiasi gani. Pini ikiwa kwenye tundu la karibu na boti, mguu wa mashine unaingia chini ya tezi na omo inashuka. Ikiwa tundu la mbali, mguu unatoka nje na omo inapanda. Boti inayorukaruka kama pomboo kwenye maji yaliyotulia mara nyingi inaomba tundu moja la ndani tu. Nimeona mtu amenunua mapezi, na pini yake ilikuwa kwenye tundu la mwisho la nje tangu siku mashine ilipotolewa kwenye boksi.

Tatu, kimo cha mashine. Boti ikiwa nchi kavu, weka ubao ulionyooka chini ya tumbo la boti utokeze nyuma mpaka kwenye mashine. Lile bamba la juu ya propela linatakiwa kuwa sawa na ubao au juu yake kwa inchi moja hivi. Shafti, yaani urefu wa mguu wa mashine, ikiwa fupi ni inchi 15, ndefu ni inchi 20, na kwetu huku mtu hununua mashine inayopatikana. Ukiweka shafti ndefu kwenye ubao wa nyuma uliokatwa kwa shafti fupi, bamba linazama inchi 5 chini ya mahali pake. Linavuta maji, linarusha maji, boti ni nzito. Ukifunga mapezi kwenye mashine iliyozama hivyo, hayatatoka majini hata ukimbie vipi. Ndiyo hali mbaya kuliko zote nilizoeleza kwenye habari ya wimbi la nyuma, na nakiri yangu ilikuwa imezama inchi mbili.

Nne, propela, na hii ndiyo mshindani halisi wa mapezi. Kila propela ina namba mbili, kipenyo na hatua. Hatua, ambayo mafundi huiita pichi, ni inchi ambazo propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Hatua ndefu ni kama gia kubwa ya gari: nzuri barabara ikinyooka, mbaya mlimani. Ukipunguza inchi moja ya hatua, mashine huongeza mizunguko 150 mpaka 200 kwa dakika ukiwa moto wote. Funga kipima mizunguko, hata cha kuazima, upakie boti mzigo wake wa kawaida na ufungue moto wote. Kama kitabu cha mashine kinasema 4500 hadi 5500 na wewe unapata 4300, boti haiugui ukosefu wa mapezi. Imebebeshwa propela isiyo saizi yake. Nilishuka kutoka hatua ya 13 mpaka 11 na boti ikapanda na wageni wote, wa miraba minne na wa miraba sita. Kwenye mwendo wa mwisho nilipoteza kidogo. Sikujuta, kwa sababu sikuwa naufikia.

Propela yenye panga nne hushika maji zaidi na huinua tezi kidogo yenyewe, kwa hiyo anayehitaji vyote viwili aiulizie. Na usisahau kuitazama uliyo nayo. Propela iliyolamba matumbawe miaka mitatu, kingo zimepinda kama sikio la mbuzi, itakupa dalili zote za boti inayohitaji mapezi.

Kwa fedha, pezi la plastiki na propela ya alumini hazipishani sana. Tofauti ni kwamba propela unaibadilisha kwa koleo na pini mpya, dakika kumi, na ya zamani inabaki kuwa ya akiba. Tundu ulilotoboa huwezi kulirudisha dukani.

Vipo pia vibao vya kufunga kwenye boti yenyewe, pande mbili za tezi, vinavyoinama kwa umeme au kwa springi. Hivyo ni bora kuliko mapezi kwa boti kubwa yenye usukani, maana nahodha anavipandisha wimbi likiwa nyuma. Kwa boti ya mkono ya futi 15 ni gharama isiyo na maana. Na boti ya zamani ambayo sponji ya ndani imeshanyonya maji, au tumbo limeota majani na magamba, haihitaji chochote kati ya hivi. Ivute juu kwanza.

Bado unayataka? Haya, chagua

Ya kipande kimoja, umbo la kiatu cha farasi, huzunguka bamba kwa nyuma na kugawa nguvu pande zote mbili. Nayapendelea hayo. SE Sport ni ya namna hiyo, na huuzwa kwa saizi: 200 kwa mashine za HP 8 hadi 40, 300 kwa 40 kwenda juu. Ya vipande viwili, kama Doel-Fin, kila kimoja na boliti zake, ni mepesi kubeba na rahisi kufunga, lakini kimoja kikilegea au kuvunjika unabaki na bawa moja, na boti ya bawa moja inavuta upande. Ya bamba la alumini, kama Permatrim ya New Zealand, hayapindi chini ya nguvu kama plastiki, na yakigonga jiwe yanajikunja badala ya kupasuka. Bei yake nayo haijikunji.

Ipo aina ya kubana bila kutoboa. Kwa mtu anayetaka kujaribu, au mwenye mashine mpya ambayo bado ina dhamana ya duka, ningesema aanze na hiyo na amuulize muuzaji wa mashine kabla ya kutoboa chochote. Ila ibane, uirudie baada ya safari ya kwanza, uirudie tena baada ya wiki. Kinacholegea chini ya maji hakikupigii kelele.

Ukitoboa, toboa mashine ikiwa imenyanyuliwa na kukauka. Kwanza inama utazame chini ya bamba: mashine nyingi ndogo hunyonya maji ya kupozea hapo hapo chini yake, na pezi likiyaziba matundu hayo utapika mashine kwa siku moja. Liache huru pia lile dongo la zinki linaloliwa badala ya mashine. Anza na drili nyembamba, kisha ya saizi. Kingo za tundu zipake rangi, kwa sababu ni alumini tupu. Boliti ziwe za chuma cha pua, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika, maana chuma cha pua na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Utauona ule unga mweupe kuzunguka kichwa cha boliti ndani ya miezi michache. Paka grisi ya baharini au gundi isiyopitisha maji kila mahali vinapogusana, weka washa pana juu na chini, na nati zenye plastiki ndani zisizojifungua. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Wenzetu wa maziwa makuu wana nafuu hapo, maji yao hayana chumvi.

Mpwa wangu

Boti yake ni faiba ya futi 14, mashine HP 25, na kazi yake ni kati ya Mkokotoni na Tumbatu. Bahari ya pale imekingwa. Hana wimbi la nyuma la kumtisha. Safari moja amebeba watu wanne na magunia, nyingine anarudi peke yake na dumu moja, kwa hiyo habari yangu ya kupanga uzito haimsaidii: hana mzigo mmoja wa kuupangia. Akiwa mtupu, omo ilikuwa inamsimamia. Aliweka mapezi ya kipande kimoja, mashine ikiwa kwenye kimo chake, na sasa anatembea nusu moto boti imelala kama mkeka. Nilimwambia, "Siku ukiitwa kupeleka watu Mnemba wakati wa kusi, yatoe." Akanijibu, "Ami, siku hiyo nitakuita wewe uende."

Mimi nimebaki na propela ya hatua ya 11, tangi limehamia mbele, mashine nimeipandisha inchi mbili kwa kipande cha mninga, na mapezi yametundikwa kwenye msumari bandani. Matundu manne kwenye bamba niliyaziba kwa epoksi, nikayapiga rangi mara mbili, nikadhani hayaonekani. Mwezi uliopita alikuja mtu kuiangalia mashine, anataka kununua. Hakuuliza saa ngapi imefanya kazi wala hakuvuta kamba. Aliinama, akapitisha kidole gumba chini ya bamba, polepole, tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha akainuka na kutaja bei yake.